Kiuno hakizunguki kama unavyodhani

Ukimtazama mchezaji wa chakacha akikata mauno, utaapa kwamba uti wa mgongo wake huko kiunoni unazunguka kama feni. Hauzunguki. Kiunoni tuna pingili 5, yaani vipande vya mfupa vinavyounda uti wa mgongo, na kila moja hugeuka juu ya mwenzake kwa takriban digrii 1 au 2 tu kila upande.

Kizuizi kiko nyuma ya pingili, kwenye viungo vidogo vinavyoziunganisha. Nyuso za viungo hivyo kiunoni zimesimama wima, nyingi zikitazamana kushoto na kulia, kwa hiyo ukijipinda tu, upande mmoja mfupa unakutana na mfupa na mchezo unaishia hapo. Diski, ule mto ulio kati ya pingili na pingili, nayo inasaidia kuzuia: ukingo wake una tabaka nyingi za nyuzinyuzi zilizolala mshazari, tabaka moja likielekea huku na linalofuata kule. Upande wowote utakaogeukia, kuna nyuzinyuzi zinazokaza.

Mchezaji basi anafanya nini? Anainamisha nyonga mbele, pembeni, nyuma, kisha pembeni tena, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo. Kiuno kinaruhusu miinamo hiyo, na vichwa vya mifupa ya mapaja vinajigeuza ndani ya viungo vya nyonga. Duara unaloliona limeundwa na miinamo. Ukitaka uhakika, kaa kwenye kiti kigumu, makalio yasisogee, kisha geuka utazame nyuma. Utakuta kazi imefanywa na kifua na shingo.

Hapo wengi watabisha: kifua si kimefungwa na mbavu? Ni kweli nusu. Mbavu hukibana kisiiname sana mbele wala pembeni, na miiba ya pingili, ile unayoipapasa katikati ya mgongo, imelaliana kiasi cha kukizuia kujikunja nyuma. Lakini kugeuka kinageuka, kwa kuwa nyuso za viungo vyake zinatazama mbele na nyuma.

Shingoni nako watu hudhani pingili zote 7 zinagawana kazi sawasawa. Karibu nusu ya mgeuko wote wa kichwa hutokea kati ya pingili ya kwanza na ya pili, ambapo ya kwanza huzunguka kwenye jino la mfupa la ya pili. Kano mbili, yaani kamba ngumu za kuunganisha mfupa na mfupa, fupi na nene, kutoka kwenye jino hilo hadi fuvuni, ndizo zinazosema basi.

Dhana nyingine: ukiinama kabisa, misuli ya mgongo ndiyo inayokushikilia. Kwa watu wengi wasio na maumivu, ukifika mwisho wa kuinama misuli hiyo karibu inanyamaza kabisa, na mzigo unabaki kwenye kano na diski. Kano zikivutwa muda mrefu hulegea kwa muda. Mimi ningemshauri aliyetoka kupalilia asimame na kutembea kidogo kabla hajanyanyua gunia. Na asiyeweza kugusa vidole vya miguu asiulaumu mgongo haraka. Mara nyingi inayokaza ni misuli ya nyuma ya mapaja.

Ama ile habari ya “diski imeteleza”, diski haitelezi. Imeshikamana na pingili juu na chini. Kinachotokea ni ukingo wake kuvimba nje au kupasuka, na ute wa ndani ukapenya. Mlio wa “ka!” unapojinyoosha nao si mfupa uliorudi mahali pake, ni gesi ndani ya maji ya kiungo.