Kinachomfanya Mtu wa Kawaida Ajitose

Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Bukoba ilianguka katika Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja iliokuwa ikijiandaa kutua. Ndani yake walikuwamo watu 43, na 19 kati yao walifariki dunia, wakiwamo marubani wote wawili. Waliotangulia kuifikia ndege hiyo hawakuwa waokoaji wa kuajiriwa bali wavuvi, na mmoja wao, kijana aitwaye Majaliwa Jackson, akawa gumzo la nchi nzima kwa muda mfupi.

Mimi nafundisha saikolojia ya jamii, na tangu wakati huo wanafunzi hawaachi kuniuliza kijana yule alikuwa na kitu gani ambacho wao hawana. Jibu langu huwaudhi kidogo, kwa sababu wanatarajia niwatajie ujasiri wa moyo, nami huanza na mtumbwi.

Kwa masimulizi yake mwenyewe, yeye na wenzake walikuwa wakijiandaa kwa kazi yao ya uvuvi walipoiona ndege ikienda mrama. Walipiga makasia hadi ilipo, na kasia hilo hilo ndilo alilolitumia kuupigia mlango wa nyuma. Abiria walipoanza kutoka, alipiga mbizi hadi upande wa mbele, akaelewana na rubani kwa ishara kupitia kioo, kisha akaibuka kutafuta kifaa cha kukivunjia. Baadaye alifunga kamba kwenye mlango wa marubani ili boti ziuvute, lakini kamba ilikatika ikampiga usoni, naye akaja kuzinduka akiwa hospitalini.

Kuendesha chombo, kuzama, kutumia kamba: hakuna hata kimoja katika hivyo alichojifunza asubuhi ile. Utafiti uliochapishwa mwaka 1981 kuhusu watu wa California waliowahi kuingilia kati uhalifu uliotokea mbele ya macho yao ulionyesha jambo la aina hiyo hiyo. Waliojitosa hawakuwa na huruma nyingi kuliko wenzao. Walichowazidi ni maumbile makubwa na mafunzo, kama vile ya huduma ya kwanza na ya kujihami. Mtu anayejua la kufanya huiona hatari kama kazi iliyo mbele yake, ilhali asiyejua huiona kama balaa la kutazamwa.

Hilo halitoshi, kwa maana wapo wenye ujuzi ambao hubaki wamesimama. Mwaka 1968 John Darley na Bibb Latané, watafiti wa Marekani, waliwaweka wanafunzi wa chuo kikuu kila mmoja katika chumba chake, wakizungumza kwa vipaza sauti, kisha wakacheza sauti ya mwenzao anayeshikwa na kifafa. Miongoni mwa waliodhani kwamba ni wao tu wanaosikia, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla mgonjwa hajanyamaza. Waliodhani kwamba wapo wengine wanne wanaosikia, waliotoka walikuwa asilimia 31 tu. Wale waliobaki hawakuwa na roho mbaya, kwani wengi walikutwa mikono ikitetemeka na viganja vikitoka jasho. Kila mmoja alikuwa bado anajiuliza kama jambo lile lilikuwa lake.

Ndiyo maana sipendi kabisa ushujaa uhesabiwe kama mali ya mtu mmoja. Baada ya ajali ya Bukoba ulizuka ubishi mkali mitandaoni kuhusu nani hasa aliufungua mlango wa ndege, kana kwamba watu 24 walionusurika wangeweza kugawanywa kwa mfunguaji mmoja. Mtumbwi haukuwa na mtu mmoja, na hata ndani ya ndege walikuwamo watu waliokuwa wakihangaika kutoka na kuwatoa wenzao.

Upo pia ushujaa ambao ujuzi wa mikono hauufafanui. Desemba 2015, katika Kaunti ya Mandera, Kenya, wanamgambo wa Al-Shabaab waliliteka basi lililotoka Nairobi na kuwaamuru abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Kila aliyekuwamo alijua maana ya amri hiyo, kwa kuwa mwaka mmoja kabla yake, katika kaunti hiyo hiyo, abiria 28 wa basi jingine walitengwa na kuuawa. Waislamu walikataa. Baadhi ya wanawake waliwapa wenzao wa Kikristo mitandio wajifunike, na wavamizi wakaambiwa wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, naye akafariki hospitalini Januari 2016.

Hapo hapakuwa na kasia wala kamba. Maelezo yaliyo karibu zaidi na tukio hilo nayapata kwa Samuel na Pearl Oliner, waliowahoji watu zaidi ya 400 waliowaokoa Wayahudi Ulaya wakati wa utawala wa Wanazi (Samuel mwenyewe aliokolewa utotoni na mama mkulima wa Poland). Waliwakuta ni watu waliozoea tangu nyumbani kuwahesabu hata wasio wa kabila au dini yao kuwa ni watu wao. Waligundua pia kwamba takriban theluthi mbili walianza kusaidia kwa sababu waliombwa. Hawakusubiri dhamiri iwashtue usiku. Mtu alibisha hodi akaomba.

Tokeo hilo limebadilisha jinsi ninavyoendesha mafunzo ya huduma ya kwanza mitaani. Ninatumia muda mwingi kufundisha namna ya kuomba, kwani sauti ya "Jamani, saidieni!" huwaendea wote na isimfikie yeyote. Ugumu hujitokeza pale kijana anapotakiwa kumchagua mtu mzima mbele ya umati, kwa kuwa kwetu kumnyooshea mkubwa kidole ni utovu wa adabu. Tumekubaliana kutumia kiganja kilichofunguka, salamu fupi na alama ya nguo: "Shikamoo mzee mwenye koti la kijivu, naomba upige 114, uwaambie Zimamoto tuko hapa stendi. Dada mwenye ushungi mwekundu, njoo unishikie kichwa chake kisitikisike."