Gurudumu la hamsta: tazama mgongo

Nikiletewa hamsta (mnyama mdogo wa jamii ya panya anayefugwa kizimbani) anayechechemea, humwomba mwenyewe anioneshe picha ya gurudumu lake la kukimbilia kabla sijamgusa mgonjwa. Mara nyingi jibu nalikuta humo humo: gurudumu la waya, vijiti vimepangwa kama ngazi.

Hamsta hukimbia usiku, kilomita kadhaa. Mguu ukitumbukia kati ya vijiti, mnyama husimama lakini gurudumu haliachi kuzunguka, na mfupa wenyewe ni mwembamba kama njiti ya kiberiti. Hata asipovunjika, nyayo huchubuka, bakteria hupenya, na uvimbe wake hutibika kwa shida. Kuna pia mtego ambao wengi hawauoni: gurudumu likiwa na mikono (vile vijiti vinavyotoka katikati hadi ukingoni) inayopita karibu na stendi, nafasi ile hukata kama mkasi. Kwa hiyo nataka njia ya kukimbilia iliyoziba kabisa, na upande mmoja uwe wazi bila kizuizi.

Halafu ukubwa. Hamsta wa Syria anahitaji kipenyo cha sentimita 28 au zaidi. Wale wa aina ndogo, sentimita 20 hivi. Pima mwenyewe kwa rula, ndani ya gurudumu, maana maandishi ya kwenye boksi yameshanidanganya. Kisha mtazame akikimbia. Mgongo unyooke kama anapotembea sakafuni. Ukiona amepinda kama upinde, kichwa kinatazama juu, gurudumu ni dogo, na uti wa mgongo unaumia usiku baada ya usiku. Yale yanayouzwa pamoja na kizimba karibu yote huangukia hapa. Usinunue dogo kwa kuwa hamsta wako bado mtoto; atakua ndani ya wiki chache.

Wengine huniambia basi heri waliondoe kabisa, eti kukimbia vile ni wazimu wa kifungoni. Mwaka 2014 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya kuweka magurudumu nje, mahali pa wazi: panya wa porini walikuja wenyewe, wakapanda, wakakimbia. Liacheni.

Kuhusu malighafi sina ubishi mkubwa. Mbao ni tulivu lakini hunyonya mkojo (na hamsta hukojoa akikimbia, jiandae). Plastiki huoshwa kirahisi, ila kagua kama ameitafuna ikaacha ncha kali. Gurudumu la umbo la sahani iliyolala mshazari humfanya akimbie mwili umepinda upande mmoja, kwa hiyo isiwe ndiyo gurudumu lake pekee. Mpira wa plastiki wa kumfungia ndani sikubali hata kidogo.

Ukishalinunua, lizungushe kwa kidole. Likiyumba au likikwaruza, kagua beringi. Liweke juu ya kibao imara, si juu ya matandiko yenyewe, kwani atachimba chini yake na stendi itamwangukia. Usishangae akiligomea siku mbili tatu za mwanzo. Gurudumu kubwa ni zito kulianzisha, na hamsta wa aina ndogo, wa gramu 40, huhitaji lililo jepesi zaidi.