Hati ya malipo si malipo: maana ya rekodi ya malipo ya mkataba

Tangu ripoti za miradi ya ujenzi zianze kutoka zenyewe kwenye mifumo, nimekuwa nikisikia kauli moja kila kukicha: "Malipo tumeyavuta kwa API (njia ya programu moja kuomba data kwa nyingine), yapo yote." Ukifungua kilichovutwa unakuta hati zilizoidhinishwa, yaani karatasi zinazokubali kiasi kinachostahili kulipwa, wala si malipo. Mkandarasi anaonyeshwa safu inayosema amelipwa, huku akaunti yake haina hata senti ya kazi hiyo na vibarua wanamsubiri getini.

Rekodi ya malipo ya mkataba ni kumbukumbu kwamba fedha imetoka kwa mdaiwa kwenda kwa mdai chini ya mkataba fulani. Ndani yake kuna kiasi, tarehe, namba ya malipo, njia iliyotumika kama hundi au uhamisho wa benki, na mara nyingi namba ya ankara iliyolipiwa. Kuivuta kwa API ni programu moja kuiomba nyingine iitoe kumbukumbu hiyo, badala ya mtu kukaa mbele ya skrini akinakili. Ombi hutaja kampuni, mradi na mkataba, hubeba tokeni ya ruhusa (msimbo unaoithibitisha programu inayoomba), na jibu hurudi kwa JSON, yaani maandishi yaliyopangwa ili programu izisome. Tokeni ikiisha muda utaona kosa la 401, ruhusa ikipungua 403, ukiomba mfululizo kupita kiwango 429. Majibu mengi huja kwa kurasa, na anayesoma ukurasa wa kwanza tu atapata jumla pungufu bila kosa lolote kujitokeza. Hayo yote yamo kwenye maelekezo ya mfumo na hujifunzwa haraka. Panapohitaji umakini ni kujua unachoomba ni kitu gani.

Chukua mikataba ya FIDIC, yaani mikataba ya kielelezo ya shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, inayotumika sana kwenye miradi ya barabara Afrika Mashariki. Katika Kitabu Chekundu cha 1999, kifungu cha 14 kinatenga hatua tatu. Kwanza mkandarasi huwasilisha madai yake ya kazi iliyofanyika. Kisha Mhandisi, anayesimamia mkataba kwa niaba ya mwenye mradi, huyakagua na kutoa hati ya malipo ya muda, ndani ya siku 28 tangu ayapokee. Mwisho mwenye mradi hulipa, ndani ya siku 56 tangu Mhandisi apokee madai hayo hayo. Maana yake, hata pale ambapo hakuna aliyechelewa, hati inaweza kuitangulia fedha kwa wiki nne. Na tunajua jinsi wiki hizo zinavyoweza kugeuka miezi.

Hapa ndipo kuchanganya hati na malipo kunapoumiza. Siku 56 zikipita bila fedha, kifungu cha 14.8 kinampa mkandarasi haki ya kudai gharama za ucheleweshaji, zinazolimbikizwa kila mwezi kwa kiwango cha mwaka kilicho asilimia 3 juu ya kiwango cha punguzo cha benki kuu ya nchi yenye sarafu ya malipo, isipokuwa mkataba wenyewe umesema vingine. Ili ujue amecheleweshewa kwa muda gani, unahitaji tarehe mbili: siku Mhandisi alipopokea madai, na siku fedha ilipolipwa. Ripoti iliyoweka tarehe ya hati mahali pa tarehe ya malipo inafuta ucheleweshaji wote. Inaonyesha mwenye mradi aliyelipa kwa wakati, na haki ya mkandarasi inapotea kwa sababu ya mtu aliyechagua safu isiyo yake.

Watengenezaji wa programu za kusimamia miradi ya ujenzi wanaijua tofauti hiyo. Procore, programu ya Marekani iliyoanza 2002, inaziweka ankara za wakandarasi wadogo walio chini ya mkandarasi mkuu mahali pake, na malipo yaliyotolewa kwao yana kichupo chake ndani ya mkataba wao. Kwenye mkataba mkuu, ule wa mwenye mradi na mkandarasi, kuna kichupo cha malipo yaliyopokelewa. API nayo imefuata mgawanyo huo: ankara zina anwani yake, malipo yana yake. Angalia pia mwelekeo wa fedha, maana iliyopokelewa kutoka kwa mwenye mradi si ile iliyotolewa kwa fundi wa umeme, na kuzijumlisha pamoja ni kukokotoa kitu kisichokuwepo.

Wapo wanaosema kiasi ni kile kile, basi tofauti ni ya tarehe tu. Sivyo. Hati yenyewe huwa na jumla ya kazi, na chini yake makato: ritensheni, yaani sehemu inayobaki kwa mwenye mradi, ambayo nusu yake kwa kawaida hutolewa kazi inapokabidhiwa na nusu kipindi cha matazamio (muda wa kurekebisha kasoro) kinapoisha, na marejesho ya malipo ya awali. Anayevuta jumla ya juu anavuta fedha ambayo hakuna aliyekusudia kuilipa mwezi huo. Kisha ikaja kodi ya zuio, ile inayokatwa na mlipaji kabla ya kulipa, ambayo kwa Kenya ni asilimia 3 ya malipo ya kazi za ujenzi kwa mkandarasi mkaazi. Zaidi ya hapo, hati moja inaweza kulipwa kwa awamu mbili, na hundi moja inaweza kufunga hati mbili. Miradi mingine hulipa sehemu kwa shilingi na sehemu kwa dola, kwa hiyo kabla ya kujumlisha hakikisha kila rekodi ni ya sarafu gani.

Jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi: API ya namna hii kwa kawaida haizungumzi na benki. Inatoa kile ambacho mhasibu amekiingiza, au ambacho mfumo wa uhasibu umekituma. Orodha ikirudi tupu, inasema tu kwamba hakuna malipo yaliyoandikwa. Fedha inaweza kuwa imeshafika tangu juzi, ila kumbukumbu haijaingizwa.

Basi ndugu unayeandaa ripoti, neno "amelipwa" liweke juu ya rekodi za malipo peke yake, ukisoma tarehe ya malipo yenyewe, wala si ya ankara. Kama mfumo wenu una hati tu, safu hiyo iite "imeidhinishwa", na ya malipo iache wazi hadi mhasibu aijaze.