Graveli milimani: maana yake, na kwa nini changarawe ni ngumu kuliko mlima wenyewe

Mtu akisikia "baiskeli ya changarawe" huwaza aina nyingine tu ya baiskeli, kama ilivyo ya mbio au ya milimani. Hiyo ni nusu ya maana. Nusu ya pili, na kwangu ndiyo yenye uzito, ni kwamba graveli, kama wanavyoiita wanaoipenda, ni namna ya kusafiri. Unaiacha lami, unafuata barabara za vumbi, za msituni, za machimbo ya zamani, za wafugaji, na unataka baiskeli moja ikupitishe kote huko bila kukuchosha kwenye vipande vya lami vinavyoziunganisha.

Ukiitazama kwa mbali inafanana na baiskeli ya mbio: usukani uliopinda kwenda chini, fremu nyepesi, mara nyingi haina shokapu. Isogelee uone tofauti. Tairi lina upana wa milimita 38 hadi 50, ilhali la mbio za lami siku hizi ni 28 au 30 hivi. Kati ya tairi na fremu kuna nafasi ya kutosha matope yapite. Ncha za usukani zimetanuka kwenda nje ili mikono iachane unapoteremka. Breki ni za diski. Ukizidi kupanua tairi, ukaweka shokapu na usukani ulionyooka, unakuta umeshaingia kwenye baiskeli ya milimani. Mpaka kati ya hizo mbili haujachorwa popote, na sioni haja ya kuuchora.

Jina ni la juzi, kitendo ni cha zamani. Mashindano yaliyoupa mchezo huu sura yake ya sasa yalianza mwaka 2006 Emporia, jimbo la Kansas, Marekani; leo yanaitwa Unbound Gravel, na mbio zake maarufu zaidi ni za maili 200, yaani kama kilomita 320. Mashindano ya kwanza ya dunia chini ya UCI, shirikisho la kimataifa la mbio za baiskeli, yalifanyika mwaka 2022 huko Veneto, Italia.

Sasa tupande mlima. Wengi hudhani ugumu wa njia ya mlimani ni urefu wake. Urefu unachosha, ndiyo, lakini kinachomshusha mtu kwenye baiskeli ni tairi kukosa mshiko ardhini. Kwenye lami, mwinuko wa asilimia 12, yaani mita 12 kwenda juu kwa kila mita 100 za kwenda mbele, ni suala la mapafu na miguu. Ukishindwa kukaa, unasimama kwenye pedali na uzito wako unakusaidia. Jaribu hilo hilo kwenye changarawe iliyolegea. Ukisimama tu, uzito unahama mbele, tairi la nyuma linabaki jepesi, kokoto zinabingirika chini yake na gurudumu linazunguka mahali pamoja. Pedali inaporomoka ghafla bila kusukuma chochote, na mguu unatafuta ardhi. Kuondoka tena hapo ni vigumu kuliko kufika, maana sasa huna mwendo hata kidogo.

Kwa hiyo kwenye changarawe unapanda umekaa, kifua kimeinama, kiuno kimesogea kwenye ncha ya mbele ya kiti kiasi cha kulituliza gurudumu la mbele bila kuliacha la nyuma. Na miguu izunguke laini, kwa sababu kila mkanyago wa nguvu ya ghafla unavunja mshiko. Hapo ndipo gia zinapoamua.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua gurudumu la saizi ya kawaida, iitwayo 700C, lenye tairi la milimita 45. Likizunguka mara moja linakwenda mita 2.2 na kidogo. Sahani ya mbele ikiwa na meno 40 na ile kubwa ya nyuma meno 42, mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza kama mita 2.1. Ukizungusha mara 60 kwa dakika unakwenda kilomita saba na nusu kwa saa, na kwenye mwinuko ule wa asilimia 12 unajiinua wima mita 15 kila dakika, wewe, baiskeli, maji na mizigo. Ni wachache wanaoweza kukaa hapo saa nzima. Badilisha sahani ya mbele iwe ya meno 30, mzunguko mmoja unakuwa mita 1.6. Utakwenda polepole, lakini miguu itaendelea kuzunguka laini na tairi halitateleza. Wanaoona aibu kufunga gia nyepesi huishia kusukuma baiskeli mapema kuliko wengine. Nimeona hivyo mara nyingi mno kuweza kunyamaza.

Kisha upepo wa matairi. Kosa la kwanza la anayetoka kwenye lami ni kujaza tairi mpaka liwe gumu kama ubao. Tairi gumu hurukaruka juu ya kila jiwe, na kila mruko ni nguvu iliyopotea na mshiko uliokatika. Tairi laini hubonyea, likalikumbatia jiwe na kupita. Mtu wa kilo 70 mwenye tairi la milimita 45 lisilo na tyubu anaweza kuanza na psi 30 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo) au chini yake, kisha apunguze kidogo kidogo huku akisikiliza. Akisikia ringi inagonga jiwe, amepitiliza. Kwa mwenye tyubu hapo ndipo pancha ya matundu mawili yaliyokaa sambamba inapozaliwa, tyubu ikibanwa kati ya jiwe na ringi. Ndiyo sababu wengi milimani wameacha tyubu, wakatia ndani dawa ya maji inayoziba tundu dogo yenyewe. Jiwe lenye makali likichana ubavu wa tairi, dawa hiyo haitoshi, kwa hiyo tyubu moja ya akiba ibaki mfukoni.

Barabara ya Colle delle Finestre, Italia, inaonyesha vizuri changarawe inavyopandisha bei ya mwinuko. Inapanda kilomita 18 na nusu hadi mita 2,178, na kilomita kama nane za mwisho hazina lami. Mwaka 2018, wakati wa Giro d'Italia, mbio kubwa za kuizunguka Italia, mwendeshaji Simon Yates aliipoteza hapo jezi ya uongozi siku mpinzani wake Chris Froome alipochomoka zikiwa zimebaki kilomita 80. Mwaka 2025 Yates alirudi kwenye mpando ule ule, akawaacha wapinzani wake, akaitwaa Giro.

Kuteremka ni kugumu zaidi, na watu hudharau jambo hilo. Kwenye njia ya magari kuna mistari miwili iliyosuguliwa na matairi. Katikati na pembeni ndiko kokoto zilikorundikana, na kwenye kona huwa nyingi upande wa nje, kule kule baiskeli inakotaka kukupeleka. Basi breki ikamatwe kabla ya kona, gurudumu likiwa limenyooka, kisha iachiwe na macho yatazame unakotokea. Tairi la nyuma likiteleza, mara nyingi unalirudisha. La mbele likiteleza, umeanguka. Kwenye mteremko mrefu usiburuze breki mfululizo. Kamata kwa nguvu, achia, ipoe.

Kuna pia yale mawimbi madogo yanayofanana na bati. Hayatengenezwi na baiskeli wala na mvua. Gurudumu la gari likipita kwenye udongo mkavu kwa kasi ya kutosha huruka kwenye kijituta, likatua mbele yake na kuchimba, na linalofuata huongeza. Legeza viwiko, inua makalio kidogo, acha baiskeli itikisike chini yako.

Na kuna baridi. Kila mita 1,000 unazopanda hupunguza joto kwa nyuzi sita hivi, nawe umefika juu umelowa jasho. Vaa koti kabla hujaanza kuteremka, kwa sababu vidole vilivyokufa ganzi havishiki breki.

Je, kushuka kwenye baiskeli na kuisukuma ni kushindwa? Mwaka 1910 Tour de France ilipopita Col du Tourmalet kwa mara ya kwanza, mita 2,115, barabara haikuwa na lami na gia za kubadilisha kama tunazozijua hazikuwa zikiruhusiwa. Ziliruhusiwa mwaka 1937. Octave Lapize aliisukuma baiskeli yake kwa miguu sehemu ya mlima huo, na Tour ya mwaka ule akashinda yeye. Kwenye graveli ya milimani kutembea kumo ndani ya safari tangu mwanzo. Ndiyo maana viatu vyake vina nyayo za mpira zenye meno, na kile chuma kinachonasa kwenye pedali kimezamishwa ndani ya soli, ili ukikanyaga jiwe uweze kutembea.