Michango haikununua roketi

Juzi kwenye semina kijana mmoja amesimama tena: "Kila mtu akitoa elfu moja tu, tunafika Mwezini." Kazi yangu ni bajeti na majaribio ya setilaiti ndogo, na sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi mno. Safari hii najibu kwa maandishi.

Mfano wanaoutoa ni uleule, LightSail 2, setilaiti ndogo yenye tanga, ya Planetary Society, shirika la wapenzi wa anga la Marekani. Mwaka 2015 watu zaidi ya 23,000 walichanga dola milioni 1.24 kupitia Kickstarter, tovuti ya michango, na Julai 2019 tanga la mita za mraba 32 likakunjuliwa angani, likasukumwa na mwanga wa jua. Kweli tupu, na mimi nilishangilia. Lakini mradi mzima uligharimu kama dola milioni 7, nyingi zikitoka kwa wanachama na wafadhili wengine. Na roketi je? Walipewa lifti! Chombo kilipanda roketi ya Falcon Heavy katika safari ya Jeshi la Anga la Marekani, kikiwa tumboni mwa Prox-1, setilaiti ya wanafunzi wa Georgia Tech.

Ni kama harusi ambayo mjomba katoa ukumbi, halafu tunasema kamati ya michango imemaliza kila kitu. Hapo ndipo ninapokereka. Nani kalipia mtambo wa kukijaribu chombo kwa mtetemo? Chemba ya utupu ya kukijaribu katika hali ya angani? Kibali cha masafa ya redio? Posho za wanaokesha zamu wakisubiri mawimbi? Watu huchangia picha ya chombo kikiwa angani; zamu hazina picha.

Angalia ISEE-3, chombo cha anga cha NASA kilichorushwa 1978. Mwaka 2014 wahandisi wa kujitolea walichangisha karibu dola 160,000 ili wakiamshe. Mitambo ya NASA ya kuzungumza nacho ilikuwa imeshaondolewa, wakaitengeneza upya kwa programu za kompyuta, wakaruhusiwa kutumia dishi kubwa la redio la Arecibo, Puerto Rico. Chombo kikajibu! Julai 2 injini zake ndogo ziliwaka vizuri. Julai 8, walipotaka kubadilisha njia yake, zikasukuma kidogo, kisha basi. Dalili zilionyesha kwamba naitrojeni ya kusukuma mafuta imekwisha: mafuta yapo tangini, cha kuyasukuma hakipo. Hakuna harambee inayofikisha naitrojeni huko.

Kampuni ya Planetary Resources nao walipata michango ya zaidi ya dola milioni 1.5 mwaka 2013 kwa ajili ya Arkyd, darubini ya kurushwa angani. Fedha za kukamilisha zikakosekana, na mwaka 2016 wakarudishia watu pesa zao.

Siwakatazi vijana kuchanga. Linaloninyima usingizi ni hili: tukiandika gharama zote kwenye kadi ya mchango, nahofia wengi hawatatoa, tukizificha, tunawadanganya watu wanaotuamini.

Baada ya semina nilimwomba yule kijana anionyeshe bajeti yake. Mistari mitano kwa kalamu ya bluu, na mbele ya "kurusha" kaandika "baadaye". Tukavuta viti, tukaanza na mstari huo.