Jenerali wa Mahiwa: tunayosimuliana na yaliyomo katika karatasi zake

Ukitoka Lindi kwenda Masasi, ukishaipita Mtama unakuta Nyangao, na jirani yake Mahiwa. Hapo, katika bonde la mto Lukuledi, kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, yalipiganwa mapigano yaliyomwaga damu kuliko karibu yote ya Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki. Upande wa Wajerumani uliongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck. Wazee wetu wanamtaja kwa namna moja, mitandaoni anatajwa kwa namna nyingine, na huko kwao Ujerumani kwa namna ya tatu.

Mtu huyu aliandika sana. Mwaka 1920 alitoa kitabu cha kumbukumbu zake za vita, na majalada yake binafsi yanatunzwa hadi leo katika nyaraka za kijeshi mjini Freiburg. Kuna pia barua alizoandikiwa na majenerali wa upande wa pili, na maandishi ya Wajerumani wenzake waliotembea naye porini. Hadithi nyingi tunazosimuliana juu yake hazilingani na karatasi hizo, na nyingine zinalingana nazo kupita kiasi, kwa sababu zilitoka kinywani mwake mwenyewe na hatukuzihoji. Za aina hii ya pili ndizo zinazoniuma zaidi.

“Huyu ndiye aliyewaua babu zetu wa Majimaji.”

Hapana. Majimaji ilianza mwaka 1905, gavana akiwa Götzen, na kuzimwa 1907. Lettow-Vorbeck alifika koloni hili Januari 1914, miezi saba tu kabla ya vita kuanza. Majimaji ilipoanza alikuwa katika nchi ambayo leo ni Namibia, akihudumu kwenye ofisi ya Jenerali von Trotha, yule aliyetoa tangazo la kuwaangamiza Waherero Oktoba 1904. Kwa hiyo hana hatia ya Kilwa na Umatumbi, ila shule yake ya vita aliisoma mahali pabaya vilevile.

“Jenerali aliyeshinda kila vita, hakushindwa kamwe.”

Kwanza, kwa sehemu kubwa ya vita hakuwa jenerali. Alikuja na cheo cha luteni kanali, akapanda kuwa kanali, na watu wake wakawa wanamwita Bwana Obersti. Ujenerali aliupata baada ya Mahiwa.

Tuitazame basi hiyo Mahiwa, maana ndipo penye somo. Askari wake walikuwa takriban 1,500. Waingereza walikuja na watu karibu 5,000, wengi wao Waafrika wa kikosi cha Nigeria na wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki. Kwa siku nne Waingereza walishambulia mahandaki uso kwa uso, wakapoteza zaidi ya watu 2,000 kwa kuuawa na kujeruhiwa. Wajerumani walipoteza takriban 500. Ukiishia kwenye hesabu hiyo, utasema alishinda.

Lakini Waingereza walikuwa na uwezo wa kuleta watu wengine na risasi nyingine. Yeye hakuwa nao. Risasi za kisasa zisizotoa moshi zilikaribia kwisha pale Mahiwa, na askari wengi wakabaki na bunduki za mtindo wa 1871, zile ambazo kila zikilia wingu la moshi linamwonyesha adui ulipojificha. Mwezi mmoja baadaye, akiwa Nambindinga, upande wa uwanda wa Makonde, aliamua kupunguza jeshi hadi bunduki 2,000 hivi na kuwaacha nyuma mamia ya Wajerumani wagonjwa na askari wasioweza tena kutembea. Hayo ameyaandika mwenyewe. Tarehe 25 Novemba 1917 akavuka Ruvuma pale Ngomano, ambapo leo Daraja la Umoja linaiunganisha Nanyumbu na Msumbiji, akawashambulia Wareno na kuwanyang'anya bunduki na risasi. Alivuka kwa sababu nchi ya Makonde na Umwera ilikuwa imekwisha chakula. Aliyeishi Newala anajua habari ya maji ya uwandani: juu hakuna mto, na wakati ule maji yalichotwa bondeni na kupandishwa kwa kichwa. Jeshi zima lisingeweza kukaa pale wakati wa kiangazi.

Ni kweli kwamba hakukamatwa. Aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, sasa Mbala nchini Zambia, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya, na habari za amani alizipata kwa sababu watu wake walimkamata mjumbe wa Waingereza aliyekuwa na pikipiki. Kutokukamatwa na kushinda ni vitu viwili. Koloni alilotumwa kulilinda lilikuwa limeshachukuliwa lote mwaka mzima kabla.

“Katika barua zake imo ramani ya dhahabu aliyoifukia kusini.”

Nalisema hili kwa uzito, kwa sababu kuna watu wameuza korosho na mashamba wakitafuta “mali ya Mjerumani”. Matapeli wanazunguka na karatasi zilizochomwa kingo ili zionekane za kale, zenye misalaba na maneno ya Kijerumani, wakidai zimetoka kwa mtoto wa askari wa zamani.

Sarafu za dhahabu zilikuwepo. Mwaka 1916, koloni lilipokuwa limefungiwa baharini, zilipigwa Tabora sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Zilipigwa kidogo zaidi ya 16,000, na zinajulikana kwa wakusanyaji wa sarafu duniani kote. Pamoja nazo zilipigwa sarafu ndogo za shaba, heller, mabaki ya maganda ya mizinga yakiwemo katika madini yake, na noti zikachapwa kwenye karatasi duni. Serikali inayofanya hivyo ina upungufu wa fedha. Kwenye maandishi ya Lettow-Vorbeck ya mwaka 1917 kinachomsumbua ni unga, kwinini, viatu na risasi. Hata Berlin walijua hali yake: Novemba mwaka huo waliituma ndege kubwa ya puto, L59, kutoka Bulgaria ikiwa na tani 15 hivi za dawa na silaha za kumpelekea kwenye uwanda wetu wa Makonde. Ilifika anga ya Sudan ikaamriwa kurudi; safari nzima, kwenda na kurudi, ilikuwa ya saa 95 hewani. Anayeletewa bandeji kwa puto kutoka Ulaya hana masanduku ya dhahabu ya kufukia Kitangari.

“Askari walimpenda, ndiyo maana walimfuata hadi mwisho.”

Hapa ndipo pa kukaa, kwa sababu hadithi hii imetoka moja kwa moja kwenye kalamu yake, na sisi wenyewe tumeibeba kama sifa yetu.

Angalia mwaka wa kitabu chake: 1920. Mkataba wa Versailles wa 1919 ulikuwa umeinyang'anya Ujerumani makoloni yote kwa madai kwamba Wajerumani hawakustahili kuwatawala Waafrika. Jibu la Wajerumani waliotaka makoloni yao yarudishwe lilikuwa: kama tulikuwa wabaya, mbona askari weusi walitufuata miaka minne? Askari mwaminifu akawa shahidi katika kesi ya kudai koloni. Jenerali anapoandika juu ya uaminifu huo anatoa ushahidi mahakamani, na shahidi mwenye masilahi hasikilizwi bila kuulizwa maswali.

Tukiuliza, majibu yapo. Jeshi liliposogea kusini mwaka 1917, askari wengi waliotoka Unyamwezi, Usukuma na Umanyema walitoroka, hasa walipoona Ruvuma iko mbele na nyumbani kunabaki nyuma. Askari waliotekwa, baadhi yao waliingia upande wa pili: Waingereza waliunda kikosi kizima cha King's African Rifles, cha 6, kwa watu waliokuwa askari wa Mjerumani. Mtu aliyefanya hivyo alikuwa mwanajeshi wa kazi, anapima mshahara, chakula, wake zake na watoto wake waliomo kwenye msafara. Ndiyo, familia zilitembea na jeshi, na watoto walizaliwa njiani. Waliobaki naye hadi Abercorn walikuwa askari 1,168 pamoja na Wajerumani 155, na kubaki kwao kulikuwa na sababu pia: mshahara wa muda mrefu ulikuwa haujalipwa, na kutoroka katikati ya Msumbiji, katika nchi ngeni iliyoporwa, kulikuwa hatari kuliko kwenda na wenzako wenye bunduki. Bunge la Ujerumani ya Magharibi lilikubali kuwalipa wazee waliosalia mwaka 1964, mwaka ambao yeye alifariki. Walisubiri zaidi ya miaka 45.

Simvunjii heshima askari yeyote kwa kusema haya. Heshima kubwa kwake ni kumwona kama mtu aliyefikiri.

“Ilikuwa vita ya kiungwana, barua za maadui zinathibitisha.”

Barua hizo zipo kweli. Mwishoni mwa 1916, Smuts, kamanda wa upande wa Waingereza, alimwandikia kumjulisha kwamba Kaisari amemtunukia nishani ya juu kabisa, Pour le Mérite, kwa kuwa Waingereza walizipata habari hizo kabla yake. Lettow-Vorbeck aliikumbuka barua hiyo kwa fahari kama ishara ya kuheshimiana. Mwaka 1929 wawili hao walikutana London kwa chakula, na baada ya Vita ya Pili, mzee huyo alipokuwa fukara, Smuts alisaidia apelekewe chakula. Kabla ya hayo yote alikuwa amefahamiana ndani ya meli na mwandishi Karen Blixen, Mdenishi aliyekuja kulima kahawa Kenya, na urafiki wao ulidumu. Mwaka 1940 Blixen alimtembelea Bremen. Alikuwa mtu wa adabu na mazungumzo mazuri. Nayaamini hayo yote.

Uungwana huo ulikuwa baina yao. Soma karatasi za watu wengine waliokuwa kwenye msafara uleule. Daktari Ludwig Deppe, aliyetibu majeruhi wa jeshi hilo, aliandika kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala yaliyoporwa na njaa, na kwamba njia yao ilijulikana kwa vifo, uporaji na vijiji vilivyohamwa. Gavana Heinrich Schnee, ambaye kisheria ndiye aliyekuwa mkubwa, hakutaka vita hii iletwe kolonini tangu mwaka 1914 na aligombana na kamanda wake hadi mwisho. Na Waingereza nao hawakuwa bora: wapagazi waliokufa wakiwabebea mizigo wanakadiriwa na wanahistoria kukaribia 100,000, kwa kuhara, homa ya mapafu na kukosa chakula kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo ya Dar es Salaam limetokana na kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps. Upande wa Mjerumani wapagazi hawakuandikwa hata majina. Waliokamatwa kijijini walibeba hadi wakatoroka au wakaanguka, na daftari la vifo vyao halikuwekwa.

“Alimtukana Hitler.”

Kisa hiki kinapendwa sana mitandaoni: ati alipewa ubalozi London akamjibu Hitler kwa matusi. Kimetokana na masimulizi ya mdomo ya watu wa pembeni. Kilichopo kwenye rekodi ni kwamba mwaka 1920 aliunga mkono jaribio la Kapp la kuipindua serikali ya kidemokrasia na akaondolewa jeshini kwa ajili hiyo, kwamba aliingia bungeni 1928 kupitia chama cha wazalendo wa mrengo wa kulia, na kwamba mwaka 1939 utawala wa Wanazi ulimpandisha cheo cha heshima cha jenerali wa askari wa miguu, naye akakipokea. Mitaa na kambi kadhaa za jeshi Ujerumani zilizobeba jina lake zimebadilishwa majina miaka ya karibuni.

“Karatasi za Mzungu hazituhusu, sisi hatumo.”

Tumo, ila si katika sentensi zinazotusifu. Machi 1916 meli iitwayo Marie ilipenya katikati ya manowari za Waingereza ikaingia ghuba ya Sudi, hapa hapa kati ya Mtwara na Lindi, ikiwa na mizinga, risasi, dawa na nishani. Lettow-Vorbeck anaisifu akili ya waliopakia shehena: kila kitu kilifungwa kwa uzito wa mtu mmoja kichwani, kilo 30 hivi, ili kiondoke haraka pwani. Yeye anaandika hilo kama jambo la ufundi. Shehena ilikuwa karibu mizigo 50,000, na hakuna gari lililoibeba. Ilibebwa kutoka Sudi kuelekea reli ya kati, mamia ya kilomita, mwezi wa masika, wakati kila mwenye shamba huku kusini alipaswa kuwa akipalilia mtama na muhogo wake. Sasa chukua kurasa za mwaka uliofuata, zile anazolalamika kwamba vijiji vya Masasi na Newala havina tena chakula cha kuwapa askari wake, uzisome pamoja na habari ya mizigo hiyo.