Baraza halitoi hukumu, na mengine tunayokosea kuhusu usuluhishi

"Mwalimu, kama hatuhukumu, tunakaa hapo kufanya nini?" Swali hili nimelisikia nikifundisha usuluhishi Mbarali, nimelisikia Kilolo, nimelisikia Makete, na sasa naona afadhali nilijibu kwa maandishi. Wanaoliuliza ni wenyeviti wa vijiji, watendaji na wajumbe wa mabaraza, watu ambao majirani huwagongea mlango usiku wa manane. Wanaaminiwa, na ndiyo sababu kati ya dhana potofu ninazozitaja hapa chini, moja moja ndani ya alama za kunukuu, hii ya kwanza inaniudhi kuliko zote.

"Msuluhishi hodari ni yule anayeamua upesi nani mkosaji"

Tuanze na sheria zetu za Tanzania. Baraza la ardhi la kijiji, lile la wajumbe 7 lililowekwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, tangu siku ya kwanza kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la kata ndilo lililokuwa na meno: kwa sheria ya mwaka 2002 liliweza kuamua mashauri ya ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 3. Meno hayo yaling'olewa mwaka 2021. Siku hizi baraza la kata likipokea shauri la ardhi linasuluhisha tu. Likishindwa, linaandika hati kwamba limeshindwa, na mlalamikaji anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila suluhu, anaweza kwenda hata bila hati hiyo.

Pamoja na hayo, bado nakuta mihtasari iliyoandikwa "Baraza limeamua mlalamikiwa aondoke shambani", muhuri umegongwa, na mlalamikaji amekwisha kuanza kulima akiamini ameshinda. Hajashinda chochote. Siku mwenzake akielezwa kwamba karatasi ile haina nguvu, ugomvi unarudi, na safari hii na baraza lenyewe limo ndani yake.

Lakini hata sheria ingeruhusu, bado ningewakataza. Chukueni shauri la kawaida kabisa la Usangu, bonde la mpunga na mifugo kule Mbarali. Ng'ombe wameingia kwenye mpunga. Mwenyekiti anafika, anaona nyayo, anaona mpunga umelala, anauliza ni majaruba mangapi, yaani vipande vya shamba la mpunga, anapiga hesabu: "Lipa laki nne." Mfugaji anauza ndama, analipa. Watu wanatawanyika wakimsifu mwenyekiti kwa kazi nzuri.

Hakuna aliyemuuliza mchungaji kwa nini alipita pale. Angeulizwa, angesema njia ya mifugo ya kushukia mtoni imelimwa na watu kadhaa, na mifugo ilikuwa haijanywa tangu juzi. Mkulima naye angepewa nafasi angesema fedha si kitu kinachomuuma zaidi. Kinachomuuma ni kwamba alipiga kelele na vijana wakamtukana mbele ya watoto wake. Fidia ilipwe, hilo sibishani nalo. Ila njia ingali imelimwa, tusi halijaombewa radhi, na mifugo itakuwa na kiu tena wiki ijayo. Mara ya tatu watu hawaji kwa mwenyekiti, wanakuja na mapanga na fimbo, halafu tunaulizana amani ilipotea lini.

Msuluhishi kazi yake ni kuwafikisha wenye ugomvi mahali ambapo wao wenyewe wanasema: tutafanya hivi. Ni kazi ngumu kuliko kuhukumu, maana inahitaji subira, na masikio. Msikilizeni kila mmoja peke yake kabla ya kuwakutanisha, kwa kuwa yapo mambo mtu hayasemi mbele ya adui yake. Kisha nendeni shambani. Nalisema hili kila siku na nitaendelea kulisema: shauri la mpaka halisuluhishwi ofisini. Mkisimama pale penye mti wa mpaka au ukingo wa mfereji, nusu ya uongo inakufa yenyewe. Na mwenyekiti anayehutubia nusu saa juu ya umoja na mshikamano kabla hajamsikia mlalamikaji, naomba sana, aketi.

"Ugomvi wa Usangu ni wa makabila"

Hapana. Ni wa maji na ardhi. Mto Ruaha Mkuu, ambao huteremka kutoka milima yetu, ukapita Usangu na kwenda kulisha mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mashamba ya mpunga yanautegemea, mifugo inautegemea, wanyamapori wanautegemea. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Usangu na Ihefu, kinamasi cha bonde hilo, na mwaka 2008 hifadhi ikapanuliwa ikaingia bondeni. Watu wakabaki wamebanana kwenye eneo dogo zaidi. Kuna Wasukuma wanaolima mpunga na kuna Wasangu wenye ng'ombe. Kiongozi akifungua kikao kwa kusema "ninyi Wasukuma", ameshageuza shauri la jaruba moja kuwa la ukoo mzima. Aulize kama kijiji kina mpango wa matumizi ya ardhi, na kama njia za mifugo zilizoandikwa humo zingali wazi.

"Haki ni kugawana nusu kwa nusu"

Mjane amenyang'anywa ekari mbili na shemeji zake. Baraza linampa moja, shemeji wanachukua moja, watu wanapiga makofi. Huyo mjane ameibiwa ekari moja, safari hii kwa baraka za baraza. Katikati si lazima pawe mahali pa haki.

"Wajumbe wanawake ni wa kutimiza idadi"

Sheria inataka wanawake 3 kati ya wale wajumbe 7 wa kijiji, na 3 pia katika baraza la kata. Wanawekwa, halafu wanaagizwa chai. Lakini mlalamikaji akiwa binti au mjane, mara nyingi ni wao watakaojua nini hasa kimetokea nyumbani. Wapeni nafasi ya kuuliza maswali, tena mapema.

"Mambo ya mtoto kubakwa wazee wanaweza kuyamaliza"

Hapa sina subira hata kidogo. Ubakaji hausuluhishwi. Hakuna ng'ombe, hakuna faini, hakuna "tusiichafue familia". Adhabu yake kisheria ni kifungo kisichopungua miaka 30, na mtoto akiwa chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Kiongozi anayekaa kikao cha kupatanisha anamsaidia mhalifu. Mtoto apelekwe hospitali siku ileile, kwa kuwa dawa za kumkinga na virusi vya Ukimwi zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na taarifa ifike polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto. Saa mnazotumia kusubiri wazee wafike, ni za mtoto huyo.

"Msuluhishi asijuane na wahusika"

Katika vijiji vyetu huyo hamtampata. Kila mtu ni shemeji, mjomba au mtani wa mwenzake. Liseme wazi mwanzoni: huyu ni mtoto wa dada yangu, je, mnaniridhia? Mmoja akikataa, inuka umpishe mjumbe mwingine, bila kununa.

"Wakishapeana mikono, yamekwisha"

Mkono ni mzuri, lakini haukumbuki tarehe. Andikeni nani atafanya nini, lini, na mpaka unapita wapi, kwa kutaja miti na mawe yaliyopo. Kila upande uweke sahihi au dole gumba, pamoja na mashahidi, na kila mmoja aondoke na nakala yake. Halafu pangeni siku ya kurudi kukagua. Kwa mashauri ya mifugo na mpunga, siku hiyo isiwe masika ambapo maji yapo kila mahali na kila mtu ni mwema. Iwekeni Oktoba.